Mjane Clicquot: Mama aliyeung'arisha mvinyo wa Champagne

MNAMO Julai 2010, wapiga mbizi waliokuwa wakichunguza mabaki ya merikebu iliyozama katika Bahari ya Baltiki, karibu na visiwa vya Åland nchini Finland, waliibuka na chupa ya mvinyo iliyokuwa imelala chini ya maji kwa takriban miaka 170. Chupa hiyo haikuwa peke yake. Kwa jumla, chupa 168 ziliopolewa kutoka kina cha karibu mita 50.

Wataalamu walipozichunguza, waligundua kwamba baadhi ya chupa hizo zilikuwa na vizibo vyenye chapa ya nyota yenye mkia. Kwa wajuzi wa mvinyo wa Ufaransa, alama hiyo haikuwa fumbo. Ilikuwa nembo ya nyumba ya biashara iliyoendeshwa na mwanamke mmoja wa mji wa Reims, aliyeachwa mjane akiwa na umri wa miaka 27 na kuiaga dunia miaka 61 baadaye akiwa miongoni mwa wanawake wakwasi zaidi barani Ulaya.

Mnamo 2011, chupa moja iliyotoka katika ghala zake ilipigwa mnada mjini Mariehamn, makao makuu ya visiwa hivyo, kwa Euro 30,000. Kiasi hicho kiliripotiwa kuwa rekodi ya bei ya chupa ya shampeni mnadani.

Jina la mwanamke huyo ni Barbe-Nicole Ponsardin, ingawa ulimwengu unamfahamu zaidi kwa jina la msiba wake. Neno la Kifaransa 'veuve', ambalo mamilioni ya watu hulisoma kwenye chupa za Veuve Clicquot pasipo kulitafakari, maana yake ni mjane.

Hadithi ya mjane anayebaki na mali ya marehemu, huku jamaa wakishauriana kuhusu hatima ya mali hiyo, si ngeni kwa msomaji wetu. Aghalabu hadithi hiyo huishia kwa machozi. Hii ilikwenda kombo na desturi, na ndiyo sababu inastahili kusimuliwa.

BINTI WA TAJIRI WA SUFU

Barbe-Nicole alizaliwa mjini Reims, kaskazini mashariki mwa Ufaransa, mnamo Desemba 16, 1777. Babake, Nicolas Ponsardin, alikuwa mfanyabiashara tajiri wa nguo za sufu, bidhaa iliyoupa mji huo umaarufu kabla ya mvinyo. Reims ulikuwa pia mji ambamo wafalme wa Ufaransa walitawazwa, na Bw Ponsardin alitamani sana kujiunga na tabaka la makabaila.

Mapinduzi ya 1789 yaliivuruga ndoto hiyo. Barbe-Nicole alikuwa na umri wa miaka 11 ghasia zilipolipuka. Inasimuliwa kuwa alikuwa akisomeshwa na watawa, na kwamba mshonaji wa familia alimtorosha kutoka katika makao hayo akiwa amevikwa matambara ya watoto wa wakulima ili umati wenye hasira usimtambue.

Babake alikuwa mjanja wa siasa. Aliona upepo unakoelekea, akatweka tanga lake upande huo na kujiunga na wanamapinduzi wenye msimamo mkali waliojulikana kama Wajakobini. Baadaye, Napoleon Bonaparte aliposhika hatamu, mzee huyo alibadilika tena, akawa meya wa Reims na hatimaye akatunukiwa cheo cha ubaroni alichokuwa akikitamani tangu ujana. Bila shaka bintiye alijifunza kwake kwamba katika nyakati za misukosuko, anayenusurika si mwenye nguvu bali anayesoma majira.

Mnamo Juni 1798, Barbe-Nicole alifunga ndoa na François Clicquot, mwana wa pekee wa Philippe Clicquot, tajiri mwingine wa nguo. Mapokeo yanasema kuwa harusi hiyo ilifanyika katika ghala la mvinyo chini ya ardhi kwa kuwa serikali ya mapinduzi ilikuwa imezima ibada za Kikatoliki hadharani.

Philippe alikuwa ameanzisha biashara ya mvinyo mnamo 1772, lakini kwake ilikuwa kazi ya pembeni. Nguo na shughuli za benki ndizo zilizoiletea familia riziki. François ndiye aliyekuwa na kiu ya kuigeuza biashara hiyo iwe shughuli kuu. Alisafiri Ujerumani, Uswisi na kwingineko akitafuta wateja, na katika safari hizo akamwajiri Mjerumani mmoja kwa jina Louis Bohne, mchuuzi hodari ambaye angekuja kuwa nguzo ya nyumba ya Clicquot.

Mnamo 1799 wanandoa hao walijaaliwa mtoto wao wa pekee, msichana aliyepewa jina Clémentine.

KIFO KILICHOFUNGUA MLANGO

Mnamo Oktoba 1805, François aliugua homa kali na kufariki baada ya siku chache. Uvumi ulienea mjini kwamba alijitoa uhai kwa sababu biashara ilikuwa ikiyumba, ila familia ilishikilia kuwa aliuawa na maradhi. Mzee Philippe, aliyempoteza mwanawe wa pekee, alikata tamaa. Alitangaza nia ya kuifunga biashara ya mvinyo, kulipa madeni na kuishi uzee wake kwa utulivu.

Hapa ndipo mjane huyo kijana alipomwendea baba mkwe na ombi ambalo halikutarajiwa. Alitaka aachiwe biashara aiendeshe mwenyewe.

Ili tuelewe uzito wa ombi hilo, ni sharti tuitazame sheria ya wakati huo. Mwaka mmoja tu kabla ya kifo cha François, yaani 1804, Napoleon alikuwa ameidhinisha sheria mpya ya kiraia nchini Ufaransa. Chini ya sheria hiyo, mke alipaswa kumtii mumewe, na hangeweza kuingia katika mikataba wala kuuza mali bila idhini yake. Binti ambaye hajaolewa naye aliishi chini ya mamlaka na matarajio ya babake.

Ni mjane pekee aliyekuwa na nafasi ya kupumua. Hakuwa na mume wa kumtii, na alikwisha kutoka katika himaya ya babake. Angeweza kumiliki, kununua, kuuza na kutia sahihi yake mwenyewe. Kwa maneno mengine, mwanamke wa tabaka lake alipata uhuru wa kibiashara kupitia mlango mmoja tu, nao ni kaburi la mumewe. Endapo angeolewa tena, mlango huo ungefungwa. Barbe-Nicole hakuolewa tena.

Mzee Philippe alikubali, lakini kwa sharti. Mkwewe angefanya kazi kwa ubia na mfanyabiashara mzoefu wa mvinyo, Alexandre Fourneaux, kwa muda wa miaka minne ili ajifunze kazi. Uamuzi huo wa mzee unafaa kukumbukwa. Angeweza kumnyima mjane wa mwanawe kila kitu kwa hoja kwamba biashara ni ya wanaume, na hakuna ambaye angemlaumu.

MIAKA YA NJAA

Miaka hiyo minne ilikuwa ya dhiki tupu. Ulaya ilikuwa vitani. Manowari za Uingereza zilizingira bandari, naye Napoleon akajibu mnamo 1806 kwa kupiga marufuku biashara kati ya bara Ulaya na Waingereza. Mvinyo wa Champagne ulikuwa bidhaa ya anasa iliyotegemea wateja wa mbali, na sasa njia za kuwafikia zilikuwa zimefungwa. Shehena ya maelfu ya chupa ilikwama katika bandari ya Amsterdam hadi mvinyo ukaharibika.

Mnamo 1810 ubia ulipofikia kikomo, Fourneaux alijiondoa. Barbe-Nicole alimrudia baba mkwe kwa mara ya pili, na kwa mara ya pili mzee akamuunga mkono. Mwaka huo huo alianzisha kampuni yenye jina lake mwenyewe: Veuve Clicquot-Ponsardin. Katika jina hilo aliunganisha ujane wake, ukoo wa mumewe na ukoo wa babake.

Mwaka uliofuata ulileta ishara. Kwa miezi kadhaa mnamo 1811, nyota kubwa yenye mkia ilionekana angani kote Ulaya. Mavuno ya zabibu ya mwaka huo yalikuwa bora kupita kiasi, na wakulima hawakusita kuyahusisha na nyota hiyo. Mvinyo wa 1811 ukaitwa mvinyo wa nyota, na Barbe-Nicole akaipachika alama ya nyota kwenye vizibo vyake. Karibu karne mbili baadaye, alama hiyo ndiyo iliyowawezesha wataalamu kuzitambua chupa za Bahari ya Baltiki.

Hata hivyo, mvinyo bora usio na mnunuzi ni hasara iliyofungwa kwa kizibo. Mnamo 1812 Napoleon aliivamia Urusi na kuangamiza jeshi lake katika theluji. Soko la Urusi, ambalo Bohne alikuwa amelipalilia kwa miaka mingi, likafungwa. Chupa zikabaki ghalani zikingoja.

KAMARI YA 1814

Mwanzoni mwa 1814 vita viliingia Champagne kwenyewe. Reims ulitekwa na majeshi ya Urusi na Prussia, ukakombolewa na Napoleon mnamo Machi 13, kisha ukatwaliwa tena. Wakazi walihofia kuporwa. Inasimuliwa kuwa Barbe-Nicole aliwatazama maafisa wa Urusi wakiufurahia mvinyo wa eneo hilo na akatambua kuwa mnywaji wa leo ndiye mteja wa kesho. Iwe alilisema hilo au hakulisema, matendo yake yaliyofuata yanaonyesha kwamba ndivyo alivyowaza.

Mwezi Aprili Napoleon alijiuzulu. Kila mfanyabiashara wa Champagne alijua kuwa amani ingefungua upya njia ya kwenda Urusi. Swali lilikuwa ni nani angefika kwanza. Mpinzani mkuu, Jean-Rémy Moët, alikuwa na jina kubwa na mtaji mnono kuliko mjane wa Reims.

Barbe-Nicole hakungoja amri rasmi ya kuondoa vikwazo. Kwa siri, akishirikiana na Bohne, alikodi merikebu ya Kiholanzi iliyoitwa Zes Gebroeders. Mnamo Juni 1814, chupa 10,550 za mvinyo wa nyota zilisafirishwa kupitia bandari ya Rouen kuelekea Königsberg, mji ambao leo unaitwa Kaliningrad. Bohne mwenyewe alisafiri na shehena hiyo.

Hatari ilikuwa bayana. Lau shehena ingekamatwa ingetaifishwa. Lau joto la kiangazi lingezipasua chupa njiani, kama ilivyotokea mara nyingi, nyumba ya Clicquot ingekwisha. Mjane alikuwa ameweka mayai yake yote katika kapu moja, na kapu lenyewe lilikuwa baharini.

Chupa zilifika salama. Wateja wa Königsberg walizigombea kwa bei ya juu, na haikuchukua muda kabla ya shehena ya pili kung'oa nanga kuelekea St Petersburg. Wapinzani walipozinduka, jina la Clicquot lilikuwa tayari limekolea vinywani mwa Warusi. Inasemekana Mfalme Alexander wa Kwanza alitamka kuwa hangekunywa mvinyo mwingine. Mshairi Pushkin naye alimtaja mjane huyo katika utenzi wake Eugene Onegin, jambo ambalo hakuna tangazo la kulipiwa lingeweza kulifanikisha.

MASHAPO NA MEZA YENYE MATUNDU

Ufanisi huo ulizua tatizo jipya. Maagizo yalizidi uwezo wa ghala. Hapa inafaa tueleze jinsi kinywaji hiki kinavyotengenezwa, kwa kuwa mchango mkubwa zaidi wa Barbe-Nicole haukuwa sokoni bali gizani, chini ya ardhi.

Shampeni kwa kawaida ni mvinyo mweupe, ijapokuwa sehemu kubwa ya zabibu zake huwa na ganda jeusi. Siri ni kuzikamua taratibu ili maji yake, ambayo ni meupe, yasipate rangi ya ganda. Mvinyo huo ukishachacha kwa mara ya kwanza hutiwa katika chupa pamoja na sukari kidogo na hamira, kisha hufungwa. Hamira huila sukari na kutoa kileo na gesi ya kaboni dioksaidi. Gesi hiyo, kwa kukosa pa kutokea, hujificha ndani ya mvinyo. Ndiyo inayotoa mapovu kizibo kinapofunguliwa.

Lakini hamira iliyokwisha kufanya kazi hufa na kuacha mashapo. Mashapo hayo huufanya mvinyo uwe na ukungu na kuupunguzia mvuto. Kwa kuyaondoa, mafundi wa zamani walikuwa wakiumimina mvinyo kutoka chupa moja hadi nyingine. Njia hiyo ilipoteza mapovu mengi na mvinyo wenyewe. Njia nyingine ilikuwa kuzitikisa na kuzigongagonga chupa moja moja hadi uchafu utulie, kazi iliyochukua muda mrefu kupindukia.

Mnamo 1816, Barbe-Nicole alipata ufumbuzi. Mapokeo ya nyumba yake yanasema kuwa aliagiza meza ya jikoni iteremshwe ghalani na kutobolewa matundu, kisha akazisimamisha chupa humo shingo zikielekea chini. Kila chupa ilizungushwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Mashapo yaliteremka polepole hadi yakakusanyika yote kwenye kizibo. Kizibo kilipofunguliwa kwa ustadi, msukumo wa gesi uliyatoa mashapo nje, mvinyo ukabaki ukiwa mwangavu kama maji ya chemchemi.

Haki inatudai tuseme kuwa hakufanya kazi hiyo peke yake. Msimamizi wa ghala lake, Antoine Müller, alikuwa bega kwa bega naye, na historia inamtaja kuwa ndiye aliyeuboresha mtindo huo kwa kuyatoboa matundu kwa mshazari. Hata hivyo, aliyewasikiza mafundi wakisema haiwezekani na bado akaagiza jaribio liendelee ni mwenye nyumba.

Siri hiyo ilihifadhiwa kwa muda huku wapinzani wakishangaa jinsi mjane anavyoweza kuuza mvinyo safi kiasi hicho kwa wingi kiasi hicho. Hatimaye ilivuja, na leo kanuni iyo hiyo hutumika kote Champagne, ingawa katika nyumba nyingi mashine zimechukua nafasi ya mikono.

Mnamo 1818 alibuni jambo lingine. Badala ya kuupaka mvinyo rangi kwa maji ya matunda mengine, kama wengi walivyofanya, alichanganya mvinyo wake mweupe na mvinyo mwekundu wa zabibu za kijiji cha Bouzy. Hiyo ndiyo shampeni ya waridi inayotengenezwa kwa mchanganyiko hadi leo.

Tusisahau pia waliolipa gharama ya anasa hiyo kwa miili yao. Katika ghala zile za baridi, chupa zilipasuka ghafla kwa nguvu ya gesi, na moja ikipasuka iliweza kuzipasua za jirani. Wafanyakazi wa Champagne walivaa barakoa za chuma ili wasipofuliwe na vigae. Majina yao hayapo kwenye nembo yoyote.

UTAMU ULIOSAHAULIKA

Chupa zilizoopolewa mnamo 2010 zimetufunza mengi kuhusu ladha ya enzi hiyo. Watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Reims, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao mnamo 2015. Waligundua kuwa mvinyo huo ulikuwa na takriban gramu 140 za sukari au zaidi kwa kila lita. Shampeni nyingi za siku hizi huwa na chini ya gramu 12.

Nyaraka za kampuni zinaonyesha kuwa mjane aliwapimia wateja wake sukari kulingana na nchi zao. Waingereza walipenda mvinyo mkavu, Wajerumani na Wafaransa walitaka gramu zipatazo 150 kwa lita, ilhali Warusi waliomba hadi gramu 300, kiasi ambacho kingeifanya soda ya leo ionekane chachu. Hakujaribu kuwafunza wanunuzi namna ya kunywa. Aliwauliza wanachopenda, akawapelekea.

Walioonja mvinyo huo wa baharini walisema kuwa mwanzoni ulikuwa na harufu ya mnyama na jibini. Ulipopata hewa, harufu hiyo ilipungua, zikajitokeza nyingine za moshi, ngozi, viungo, matunda na maua. Baridi na giza la chini ya bahari vilikuwa vimeuhifadhi kuliko ambavyo ghala nyingi zingeweza.

URITHI ULIOKWENDA KWA MGENI

Biashara ilipostawi, nyumbani mambo yalichukua sura nyingine. Mnamo 1817, Clémentine aliolewa na Louis de Chevigné, kabaila mwenye jina kubwa na mfuko mtupu. Mkwe huyo alipenda starehe, kamari na utunzi wa mashairi, na kila mara bili zake zilimfikia mama mkwe. Barbe-Nicole alizilipa, lakini hakumwachia ufunguo wa ghala.

Aliyemwamini ni kijana mwingine wa Kijerumani, Édouard Werlé, aliyeajiriwa mnamo 1821 na kupanda ngazi hadi akawa mbia mnamo 1831. Inasimuliwa kwamba benki moja jijini Paris ilipoporomoka na kutishia kuizamisha kampuni, Werlé alifunga safari na kuweka mali yake mwenyewe rehani ili madeni yalipwe. Mjane hakuusahau wema huo. Alipostaafu mnamo 1841, usukani wa nyumba aliuacha mikononi mwa Werlé.

Kwa wengi, uamuzi huo ulikuwa wa ajabu. Alikuwa na binti, mkwe na mjukuu wa kike. Lakini mama huyo alitofautisha mapenzi na biashara. Familia aliipa fedha, majumba na vyeo, kampuni akampa aliyeijua kazi.

Miaka yake ya mwisho aliishi katika kasri la Boursault, alilolijenga kwenye kilima juu ya bonde la mto Marne. Mchoraji Léon Cogniet alimchora uzeeni akiwa ameketi kwenye kiti kikubwa, kitukuu wake Anne akiwa miguuni pake. Barbe-Nicole aliaga dunia mnamo Julai 29, 1866, akiwa na umri wa miaka 88.

KILICHOBAKI

Nembo ya manjano inayotambulika leo ilisajiliwa mnamo 1877, miaka 11 baada ya kifo chake. Mnamo 1972, nyumba hiyo ilipotimiza miaka 200, ilianzisha tuzo ya wanawake wafanyabiashara kwa heshima yake. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, kampuni hiyo imekuwa chini ya shirika kubwa la bidhaa za anasa la LVMH.

Ni rahisi kumgeuza Barbe-Nicole kuwa shujaa wa haki za wanawake. Ukweli ni kwamba hakuzipigania. Alizaliwa katika utajiri, na bila fedha za baba mkwe na jina la babake huenda tusingelisikia jina lake. Binti yake hakumfunza biashara, bali alimtafutia mume kabaila kama ilivyokuwa desturi. Alipita kwenye mlango ulioachwa wazi na kifo, lakini hakuushikilia ili wengine wapite.

Kazi hiyo iliangukia kitukuu. Anne, yule msichana wa kwenye picha, alikuja kuwa Bi Mkubwa wa Uzès, akalirithi kasri la Boursault na akawa miongoni mwa wanawake wa kwanza Ufaransa kupata leseni ya kuendesha gari, mnamo 1898. Muhimu zaidi, alijiunga na chama kilichoanzishwa mnamo 1893 kudai mke aliyeolewa aruhusiwe kutumia mapato ya jasho lake. Sheria hiyo ilipitishwa mnamo 1907. Hata hivyo, mwanamke Mfaransa mwenye mume alisubiri hadi 1965 ili afungue akaunti ya benki bila kuomba ruhusa nyumbani.

Hesabu hiyo inaeleza mengi. Karibu karne moja ilipita tangu mjane wa Reims azikwe kabla mke yeyote nchini mwake hajapata, mume akiwa hai, uhuru ambao yeye aliupata kwa kufiwa. Chupa yenye neno 'mjane' inapofunguliwa katika sherehe za arusi, kama inavyofunguliwa kila wikendi duniani kote, wachache hukumbuka kuwa mwenye jina hilo aliweza kulitia sahihi kwa sababu tu mumewe hakuwapo.